Kati ya Jioni na Simu ya Asubuhi: Yai Linavyorutubishwa Maabara

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua kufika hapa si jambo jepesi. Wengine mmekuja wawili wawili, wengine peke yenu, na wapo waliochagua viti vya nyuma karibu na mlango ili wakizidiwa watoke bila kutazamwa. Kaeni mnavyopenda. Sitamtaja mtu kwa jina, wala sitauliza nani ana shida gani.

Kazi yangu ni ya maabara. Daktari ndiye mliyemzoea: anawapima, anawaandikia dawa, anawapa moyo. Mimi mnanijua kwa sauti tu. Ndimi ninayepiga simu asubuhi ya siku inayofuata baada ya mayai kuvunwa, yaani kutolewa mwilini, nikisema: mayai yalikuwa 12, yaliyokomaa 9, yaliyorutubishwa 6. Simu yenyewe haizidi dakika mbili. Nimeipiga kwa miaka mingi, na karibu kila mara upande wa pili hunyamaza kidogo, kisha huja swali lile lile: "Hayo mengine yamekwenda wapi?" Mama mmoja hakuuliza hivyo. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nilikosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote. Lakini dakika mbili hazikunitosha kumweleza, na tulipoagana nilibaki na swali lake. Ndilo lililonileta mbele yenu. Nataka mjue kinachotokea kati ya jioni mnaporudi nyumbani na asubuhi simu inapolia, ili siku nitakapowasomea hesabu yenu muielewe, na msiisikie kama hukumu iliyotolewa juu ya mwili wa mtu.

Nianze na yai lenyewe. Yai la binadamu ni seli kubwa. Upana wake unakaribia sehemu ya kumi ya milimita. Likiwa kwenye kisahani chenye mwanga mzuri, jicho tupu linaweza kuliona kama kijidoa. Mbegu ya kiume ni ndogo mno. Kichwa chake kina urefu wa mikromita 5 hivi, yaani sehemu 5 kati ya 1,000 za milimita, kwa hiyo ungehitaji kupanga vichwa 20 kwenye mstari ili kuvuka yai moja upande hadi upande. Karibu chakula na vifaa vyote vya siku za kwanza za kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, vimo ndani ya yai. Mbegu huleta nusu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, na mambo mengine machache, ambayo nitayafikia.

Tofauti nyingine ni ya umri. Mbegu hutengenezwa kila siku, na kila moja huchukua kama miezi miwili na nusu kukamilika. Mayai hayatengenezwi upya. Mtoto wa kike huzaliwa na yote aliyo nayo, yapata milioni 1 hadi 2, na yote yamekwisha kuanza kugawa kromosomu zake tangu akiwa tumboni mwa mama yake, kisha yakasimama katikati ya kazi. Yai tunalolivuna kwa mwanamke wa miaka 38 limesimama hivyo kwa zaidi ya miaka 38. Vifungo vinavyoshikanisha kromosomu hudhoofika kadiri miaka inavyopita, na kazi inapoanza tena baadhi ya kromosomu huangukia upande usio wake. Umri huathiri uzazi kwa njia hiyo zaidi ya nyingine zote. Hakuna uhusiano na kwamba ulisoma sana, au ulichelewa kuolewa kwa ukaidi, au ulimeza vidonge vya kupanga uzazi ukiwa chuoni. Nimewasikia wanawake wakijilaumu kwa mambo hayo yote matatu, na hakuna hata moja linaloharibu yai.

Kuhusu sindano za homoni sitakaa sana, maana daktari amewaeleza. Kila mwezi mwili huanza kukuza vifuko kadhaa vya mayai kisha huchagua kimoja na kuviacha vingine vinyauke. Sindano mnazochoma kwa siku 8 hadi 14 huviwezesha na hivyo vingine viendelee. Mayai hayo hayaibiwi kwenye akiba ya mwakani. Ni yale ambayo yangepotea mwezi huo huo. Ila kuna sindano moja ambayo mimi naijali kuliko daktari wenu anavyodhani, nayo ni ile ya mwisho, mnayoambiwa muichome usiku, saa na dakika iliyoandikwa. Hiyo ndiyo inayoliamsha yai kutoka kwenye usingizi wake wa miaka mingi. Linaanza tena kugawa kromosomu, linabaki na nusu, na nusu nyingine linaisukumia nje ndani ya kijiseli kidogo kinachoganda ubavuni mwake. Kazi hiyo inahitaji muda, na ndiyo maana tunavuna kama saa 36 baadaye. Tukiwahi sana, mayai hayajakomaa. Tukichelewa, vifuko vinapasuka vyenyewe na mayai yanatupotea tumboni. Mkiichoma saa mbili baadaye kuliko mlivyoambiwa, msione aibu. Pigeni simu mseme. Tunaweza kusogeza saa ya kuvuna, lakini hatuwezi kurekebisha tusichokijua.

Siku ya kuvuna, daktari hupitisha sindano ndefu nyembamba ukeni, akiongozwa na picha ya ultrasaundi, na kufyonza majimaji ya kila kifuko. Majimaji hayo huingia kwenye tyubu yenye joto la mwili na kupitishwa kwangu mara moja. Mimi niko chumba cha pili. Taa zimepunguzwa, meza ina joto la nyuzi 37, hewa inachujwa. Siku za kazi sipaki manukato, wala wenzangu hawapaki, kwa sababu mvuke wa vitu hivyo unaweza kuyadhuru mayai na viinitete. Namwaga majimaji kwenye kisahani na kutafuta. Yai halionekani kama duara safi mnalolijua kwenye picha. Linakuja limefunikwa na wingu la seli ndogo zinazonata, na wingu hilo ndilo ninalolitafuta kwa macho. Nikiliona nasema kwa sauti, "Yai!" na muuguzi ananiandikia. Wakati mwingine kifuko kilichoonekana kikubwa kwenye picha kinatoa majimaji matupu. Hapo ndipo hesabu inapopungua kwa mara ya kwanza: vifuko 15 vinaweza kutoa mayai 12. Inapungua tena tukikuta kwamba kati ya mayai yaliyovunwa, yaliyokomaa ni kama 4 kwa kila 5. Lisilokomaa halijatoa kile kijiseli, na bila kukitoa haliwezi kupokea mbegu ipasavyo.

Sasa akina baba. Asubuhi hiyo hiyo manii huletwa, yakiwa mazito kama ute. Tunayaacha kwa nusu saa hivi yalegee, kisha tunahesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataja mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa kiwango cha chini cha kulinganishia. Kwa umbo, linataja asilimia 4. Naona baadhi yenu mmenyanyua vichwa. Ndiyo, 4 kwa 100. Mwanamume mwenye uzazi wa kawaida kabisa anaweza kuwa na mbegu 90 na zaidi kati ya 100 zenye kasoro ya umbo, kwa hiyo karatasi ya vipimo isiwatishe kabla hamjaelezwa. Na kwa kuwa tuko hapa pamoja, nalisema wazi: katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, upande wa mwanamume unachangia. Wanawake wamebebeshwa jambo hili peke yao kwa muda mrefu mno. Kuna wanaume ambao manii yao hayana mbegu hata moja, na bado daktari anaweza kuzipata chache kwa kuchukua kipande kidogo cha nyama kwenye korodani. Kwa hao mimi huzitafuta kwa saa nyingi, nikipitia tone baada ya tone, na nikipata 5 zilizo hai moyo wangu hufurahi kama zingekuwa milioni 5.

Mbegu iliyotoka tu kwenye manii haiwezi kurutubisha yai, hata ukiiweka ubavuni mwake. Lazima kwanza ivuliwe vitu ilivyopakwa na manii, ibadilike, ndipo iweze kupenya. Ndani ya mwili mabadiliko hayo hutokea inaposafiri kwenye njia ya uzazi ya mwanamke. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1951 na watu wawili waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja peke yake, Min Chueh Chang huko Marekani na Colin Austin huko Australia. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wakichanganya mayai na mbegu kwenye vyombo bila kupata matokeo ya kuaminika. Mwaka 1959 Chang akafanikiwa kwa sungura. Kwa binadamu ilibidi kungoja hadi 1969, pale Robert Edwards, Barry Bavister na Patrick Steptoe walipotangaza nchini Uingereza kwamba mayai ya binadamu yamerutubishwa nje ya mwili. Kilichowavusha ni maji. Bavister alikuwa ametengeneza maji ya kukuzia yenye asidi pungufu kuliko yaliyotumika awali, akiyafanyia majaribio kwa mayai ya wanyama wadogo wa maabara, na humo mbegu za binadamu zikapata nguvu ya kufanya kazi yake. Miaka ya jitihada ilikuwa imekwamia kwenye kitu kisichoonekana kwa macho, kiwango cha asidi katika tone la maji. Nikiwa na haraka asubuhi, kisa hicho hunikumbusha kupima tena.

Siku hizi tunafanya hivi. Ndani ya tyubu tunaweka matabaka mawili ya kimiminika, la chini zito kuliko la juu, tunayalaza manii juu yake, kisha mashine inazungusha. Mbegu zilizokomaa zina kromosomu zilizoshindiliwa vizuri kichwani, kwa hiyo ni nzito na huzama hadi chini. Zilizokufa, na seli nyingine zisizotakiwa, hubaki juu. Tunazichukua za chini, tunazisafisha kwa maji ya kukuzia, na zikitoka hapo zinaogelea kwa namna ambayo mtu akiiona mara moja haisahau.

Hapo njia zinagawanyika mbili.

Njia ya kwanza ndiyo kongwe, na ndiyo watu wengi huiita IVF, kifupi cha Kiingereza cha kurutubisha nje ya mwili. Saa chache baada ya kuvuna, nachukua yai likiwa bado na wingu lake, naliweka kwenye tone la maji ya kukuzia lililofunikwa na mafuta maalumu yasiyoliacha likauke, kisha naongeza mbegu zinazoogelea, kama 50,000 hadi 100,000. Idadi hiyo inaonekana kubwa, maana ndani ya mwili ni mia chache tu hufika kwenye mrija lilipo yai. Lakini kwenye kisahani hakuna mrija wala kuta za kuziongoza. Baada ya hapo kisahani kinaingia kwenye inkubeta, kabati linalotunza joto na hewa, na mimi natoa mkono wangu. Mbegu zenyewe zinalichambua lile wingu, zinafika kwenye ganda la yai, zinajishika, na moja inapita. Simsaidii yeyote kati yao. Wengine hudhani tunamtengeneza mtoto humo ndani. Hapana. Tumeondoa umbali tu, na tumeweka joto, maji na hewa kama vilivyo mwilini: nyuzi 37, oksijeni asilimia 5 hivi, ambayo ni chini sana ya ile tunayoivuta hapa, na hewa ya kaboni kiasi cha kuufanya ule uasidi usiyumbe.

Njia ya pili inaitwa ICSI, kifupi cha Kiingereza cha kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, na humo mkono wangu unaingia. Tunaitumia pale mbegu ni chache mno, haziogelei, au zimechukuliwa kwenye korodani, au pale mzunguko wa matibabu uliopita ulipoisha bila yai hata moja kurutubishwa. Kwanza nalivua yai wingu lake, kwa kimeng'enya kinacholegeza ule unato kwa sekunde chache, kisha kwa pipeti nyembamba, kijibomba cha kufyonzea. Sasa naliona wazi: duara linalong'aa, ganda linaloonekana kama pete, na kile kijiseli pembeni kinachoniambia kwamba limekomaa. Mbegu naziweka kwenye tone zito ili zipunguze mbio. Nazitazama. Nachagua moja yenye kichwa laini cha duaradufu na mkia ulionyooka, naibana mkia kwa ncha ya sindano mpaka itulie. Kwa macho inaonekana kama ukatili. Lakini utando wa mbegu ukipasuka hapo, kile kilichomo ndani yake ambacho kitaliamsha yai kinaweza kutoka kwa urahisi.

Pipeti moja hulishika yai kwa kulivuta polepole sana. Nalizungusha mpaka kile kijiseli kikae juu kabisa au chini kabisa, kwa sababu kromosomu za yai mara nyingi ziko karibu nacho, na sindano yangu itaingia ubavuni, mbali nazo. Tundu la sindano hiyo lina upana wa mikromita 5 hivi, nafasi ya mbegu moja tu kupita. Utando wa yai hauachii mara moja. Unavutika kuelekea ndani, unanyooka pamoja na sindano kama ngozi ya puto. Siusukumi kwa nguvu. Navuta nyuma kidogo majimaji ya yai mpaka nione utando umeachia, naiacha mbegu, naondoa sindano, na ule mfereji niliouacha unajifunga taratibu. Kwa mkono uliozoea, yai moja halizidi dakika chache. Siongei wakati huo, na wenzangu wanajua wasiniite.

Njia hii ilianzia Brussels, nchini Ubelgiji. Mtafiti Gianpiero Palermo alikuwa akijaribu kuweka mbegu chini ya ganda la yai tu, bila kuingia ndani, na bila kukusudia mbegu ikaingia mpaka ndani kabisa. Yai likarutubishwa. Mwaka 1992 yeye na wenzake wakatangaza mimba za kwanza zilizopatikana hivyo, na wanaume waliokuwa wameambiwa hawatazaa kamwe wakaanza kushika watoto wao.

Lakini naomba mnielewe hapa, kwa sababu kila wiki mtu ananiambia, "Nipe ile ya sindano, ndiyo bora." Kama mbegu ziko vizuri, ICSI haiongezi watoto. Tafiti kubwa zimelinganisha, na waliofanyiwa njia ya kawaida wamepata watoto sawa na wale wa sindano. Na sindano ina gharama yake kwa yai lenyewe: machache kati ya yanayochomwa hayastahimili, yanalegea na kufa mbele ya macho yangu. Kwa hiyo nikisema kwenu njia ya kawaida inatosha, sijawapa huduma ya daraja la pili. Nimeyahurumia mayai yenu.

Sasa jioni imefika, mmerudi nyumbani, tumbo linauma kidogo, na maabara imefungwa. Ndani ya inkubeta kuna kazi inaendelea. Mbegu iliyoingia huachilia protini inayoamsha kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya yai. Kalsiamu inatiririka kama wimbi kutoka upande mmoja hadi mwingine, inatulia, kisha inarudi tena baada ya dakika kadhaa, na tena, kwa saa nyingi. Wimbi la kwanza linavipasua vifuko vidogo vilivyojipanga chini ya ngozi ya yai, vinamwaga vitu vyake nje, na ganda linakuwa gumu. Mbegu nyingine zilizobaki nje zinakuta mlango umefungwa. Kisha yai linamalizia ule mgawanyo liliouanza kabla mwenye yai hajazaliwa: linatoa kijiseli cha pili. Ule mkia na zile mitokondria za mbegu, vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu, huondolewa, na ndiyo maana mitokondria zetu sote, mimi na nyinyi, tumezipata kwa mama zetu. Kutoka kwa baba kunabaki kromosomu 23 na kifaa kidogo kitakachosaidia seli kujigawa. Usiku wa manane kromosomu za baba zimejikusanya kwenye kiini kimoja, za mama kwenye kingine, na viini hivyo viwili vinasogeleana mpaka vinagusana katikati ya yai.

Hicho ndicho ninachokuja kukitafuta asubuhi. Naangalia saa 16 hadi 18 baada ya yai kukutana na mbegu, si kabla na si baadaye sana, kwa sababu viini hivyo hukaa kwa muda tu kisha utando wake unayeyuka ili kromosomu zichanganyike. Nikiona viini viwili kando kwa kando, vyenye vidoa vidogo ndani yake kama punje, na vijiseli viwili pembeni, naandika: limerutubishwa. Nimeliona jambo hili maelfu ya mara. Bado nikiliona huwa nakaa sekunde moja zaidi ya ninayohitaji.

Kwa wastani, kati ya mayai yaliyokomaa, 6 hadi 8 kwa kila 10 hufika hapo. Mengine huonekana kama yalivyokuwa jana, hakuna kilichotokea. Mengine yana viini vitatu. Katika njia ya kawaida hiyo mara nyingi ina maana kwamba mbegu mbili ziliwahi kuingia kabla ganda halijafunga. Katika njia ya sindano ina maana yai halikutoa kijiseli chake cha pili. Hayo hatuyapandikizi kwenye mfuko wa uzazi hata yakigawanyika vizuri, kwa sababu yamebeba kromosomu 69 badala ya 46 na hayawezi kuwa mtoto mwenye afya. Msiniombe niyaweke. Nimeombwa, kwa machozi, na nilikataa huku nikilia pia.

Na wapo ambao siku hiyo nawaambia: hakuna hata moja. Hutokea zaidi kwenye njia ya kawaida, mara chache kwenye sindano. Ni simu ngumu kuliko zote. Mara nyingi inatuambia jambo ambalo vipimo vya awali visingeweza kutuambia, kwa mfano kwamba mbegu haziwezi kupenya ganda, au hazina ile protini ya kuliamsha yai. La kwanza linatuelekeza kwenye sindano mzunguko ujao. La pili, kuna maabara zinazolitibu kwa kuliweka yai kwenye kimiminika kinachoiingiza kalsiamu kwa njia nyingine. Hakuna hata mojawapo linalotokana na alichokula mtu, au alichobeba, au kwamba wawili mligombana njiani.

Baada ya kurutubishwa hesabu inaendelea kupungua, na hili nataka mlijue mapema. Siku ya pili tunatarajia seli 4, siku ya tatu seli 8, siku ya nne zinajibana pamoja kama tunda la forosadi, siku ya tano zinakuwa mpira wenye uwazi ndani, unaoitwa blastosisti. Kati ya yaliyorutubishwa, karibu nusu tu ndiyo yanayofika siku ya tano. Hadi kama siku ya tatu kiinitete kinaishi kwa akiba ya yai. Baada ya hapo lazima jeni zake chenyewe zianze kazi, na pale kromosomu zilipokosewa tangu mwanzo, mara nyingi ndipo kinaposimama. Hata ndani ya mwili husimama hivyo hivyo, ila huko hakuna mtu wa kuwapigia simu, kwa hiyo hamjui. Mtaulizwa kama mnataka inkubeta zenye kamera zinazopiga picha kila baada ya dakika chache. Ni vifaa vizuri kwetu wa maabara, lakini majaribio makubwa hayajaonyesha kwamba vinaongeza watoto, na nisingependa mtu akope kwa ajili yake.

Kwa habari ya seli 8, nimtaje mtu mmoja. Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyezaliwa kwa njia hii, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mirija ya mama yake ilikuwa imeziba. Hakukuwa na mayai 12; lilikuwa moja tu, lililokomaa kwa mzunguko wa kawaida bila sindano za homoni, na lilipandikizwa likiwa na seli 8. Wengi wanawajua Edwards na Steptoe. Aliyelinda visahani, aliyetayarisha maji, aliyekuwa akiangalia kwenye hadubini usiku na mchana, alikuwa Jean Purdy, muuguzi aliyegeuka kuwa mtaalamu wa viinitete. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39. Edwards alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010, wakati ambapo Steptoe naye alikuwa amefariki, na tuzo hiyo haipewi waliokufa. Edwards mwenyewe alidai kwamba jina la Purdy liwekwe pamoja na yao. Mimi nafanya kazi yake, kwa hiyo nalitaja kila ninapopewa nafasi ya kuzungumza.

Kuna hofu moja ambayo wengi hamuisemi mpaka mkiwa mlangoni: je, kama mtachanganya? Ni hofu ya haki. Kila kisahani na kila tyubu vina majina na namba zenu, na siruhusiwi kusogeza chochote kutoka chombo kimoja kwenda kingine bila mtu wa pili kusimama, kusoma kwa sauti, na kutia sahihi. Mezani hukaa vitu vya wanandoa wamoja tu kwa wakati mmoja. Mkiulizwa majina yenu mara tano asubuhi ile, na watu ambao wameshawajua, msichoke. Jibuni tena.

Basi simu ikilia, niulizeni maswali manne: mangapi yalivunwa, mangapi yamekomaa, mangapi yana viini viwili, na lini mtasikia tena. Mkisahau, nitawasomea mwenyewe, polepole, na sitakata mpaka mmemaliza kuuliza. Sasa tuna nusu saa. Mama uliyekaa karibu na dirisha, umekuwa ukiandika tangu nilipotaja viini vitatu, anza wewe.